Jicho la Shabaha

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kikongo ninayesali naye alinipigia simu akilia. Mumewe amefanyiwa upasuaji wa jicho, wameambiwa alale kifudifudi siku saba, na yeye hajui hata atamlishaje. Nikamweleza ninayoyajua: mirija ya kunywea, mto wenye tundu katikati, taulo chini ya uso, chakula kikatwe vipande vidogo. Nilipokata simu nikaona nimemwambia robo tu. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Jina langu ni Skolastika, watu huniita Skola. Nina miaka arobaini na tisa, na jicho langu la kulia ndilo nililokuwa nikilengea shabaha.

Kabla ya kuja Birmingham nilikuwa askari wa wanyamapori kule kwetu, upande wa Ifakara. Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kufukuza tembo na nyati kwenye mashamba ya watu, na walipokataa kuondoka, kuwapiga. Tulitumia bunduki ya 458, chuma kizito chenye risasi nene karibu sawa na kidole gumba. Ikilia inakupiga teke la bega hadi meno yanagongana. Wanaume wawili wa kundi letu waliiangusha siku ya kwanza. Mimi sikuiangusha.

Kisha niliolewa na Mutua, nesi kutoka Machakos, nikamfuata huku. Tunaishi Kingstanding na binti yetu Nduku, ana miaka kumi na sita. Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari kutoka nyumba hadi nyumba kule Sutton Coldfield, kuwaosha wazee, kuwavisha na kuwalisha. Kazi nzuri, siisemi vibaya. Ila kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwamba niliwahi kusimama mbele ya nyati anayekuja. Siku moja nilimwambia mtoto wa mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, naye akanipeleka kwenye klabu yake ya kulenga shabaha, nje ya mji. Nikajiunga. Polisi wakaja nyumbani wakakagua kabati la chuma la kufungia bunduki, wakaniuliza maswali mengi, nikapata kibali, nikanunua 458 iliyotumika.

Mutua aliitazama pale kabatini. "Sasa hii ni ya nini, Mama Nduku? Kingstanding kuna nyati?"

Nikafunga kabati. Nilipokuwa pale uwanjani nimesimama, teke likiniingia begani, nilikuwa mtu niliyemfahamu.

Risasi za dukani kwa bunduki ile ni za shida, kwa hiyo nilijifunza kuzijaza mwenyewe. Kile chumba kidogo cha juu kikawa karakana yangu. Unachukua ganda la shaba lililokwisha kutumika, unalisafisha, unalirudishia umbo lake kwenye mashine ya mkono, unapachika fataki mpya, kile kiwashio cha baruti, kitakoni. Halafu unapima baruti kwenye mizani ndogo, punje kwa punje, unaimimina kwa faneli, unakaza kichwa cha risasi juu yake. Kazi inataka jicho na utulivu. Nilikuwa na daftari la kila kipimo. Kipimo cha chini kinapiga teke la kuvumilika, na kila ukipanda kidogo teke linapanda zaidi ya ulivyopanda wewe.

Jumamosi moja ya Oktoba nilikwenda kujaribu vipimo vipya. Ukitaka kujua kipimo kipi kinalenga sawasawa lazima upige ukiwa umekaa, bunduki imelazwa juu ya mifuko ya mchanga mezani. Ukisimama mwili unarudi nyuma na teke. Ukikaa hauna pa kwenda, teke lote linabaki ndani yako. Kila mjuzi wa bunduki hizi anakwambia upige chache, uweke mfuko wa mchanga kati ya bega na kitako cha bunduki, upumzike. Nilijua. Mfuko wa bega nilikuwa nimeusahau nyumbani. Na kipimo cha nne kilikuwa kinatoboa karatasi vizuri mno, matundu matatu yamegusana, nikasema nipige na cha tano. Nilipiga ishirini na mbili. Bwana aliyekuwa msimamizi wa uwanja akaniuliza kama niko salama. Nikacheka.

Njiani kurudi nikaona cheche pembeni ya jicho la kulia, kama mtu anawasha na kuzima tochi. Nyumbani nikaona vidoadoa vyeusi vinaelea kama masizi. Nikanawa uso nikidhani ni vumbi la baruti. Jumapili kanisani cheche zikaendelea. Jumatatu nikaenda kazini, na Jumanne pia. Kama unasoma haya na unaona cheche na masizi jichoni, acha kusoma, nenda hospitali. Mimi nilikaa siku nne. Jumatano asubuhi kivuli kilikuwa kimepanda kutoka chini, upande wa pua, kama pazia linalovutwa kwenda juu, na nilipokuwa naegesha gari nje kwa bibi mmoja niligonga pipa la taka ambalo kwa jicho lile halikuwepo.

Mpima macho wa duka la miwani alinitazama dakika mbili, akaandika barua, akasema niende hospitali ya macho wakati huohuo, nisipitie nyumbani.

Nilikaa kwenye viti vile tangu saa sita mchana hadi saa kumi na mbili. Wanakutia matone, unangoja yafanye kazi, unatazamwa, unarudi kukaa, unatiwa mengine. Taa zinakuwa na manyoya. Watu wanakuwa vivuli vyenye makoti. Daktari, mama mpole mwenye mikono baridi, aliniuliza kama nimepigwa ngumi au nimeanguka.

"Nimepigwa na bunduki," nikasema, kisha nikaharakisha kumweleza kabla hajaita mtu.

Aliniambia utando wa ndani ya jicho umebanduka. Nikamuuliza kama ni bunduki. Akasema inawezekana. Inawezekana pia ingetokea tu, kwa kuwa mimi tangu shule ni mtu wa miwani mizito na macho kama hayo huwa dhaifu. Hakuna atakayejua. Mutua alipofika, bado amevaa sare ya kazini, yeye alikuwa na hakika tayari kwamba ni bunduki.

"Si nilisema?" Hakupaza sauti. "Skola, si nilisema?"

Upasuaji ulikuwa siku iliyofuata. Waliurudisha utando, wakajaza jicho hewa maalumu ili iukandamize mahali pake hadi ushike. Mkononi wakanifunga kitambulisho cha plastiki: huyu ana hewa jichoni, haruhusiwi kupanda ndege. Juu angani hewa hutanuka, na jicho halina pa kutanukia. Nikamwambia nesi sina safari yoyote.

Siku kumi za kutazama chini. Dakika hamsini za kila saa uso uelekee sakafuni, ule hivyo, ulale hivyo, uende chooni hivyo. Nawaambieni mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Uso unavimba. Kamasi zinashuka bila mpango. Shingo inauma kuliko jicho. Ukilia, machozi hayapiti shavuni, yanadondoka moja kwa moja kwenye taulo, tap, kama bomba bovu. Watu unawajua kwa miguu. Mutua na soksi zake za kazini. Nduku na kucha alizopaka rangi ya bluu, anasimama mlangoni ananiuliza kwa Kiingereza kama nataka kitu, nikisema hapana anaondoka haraka. Alikuwa anaogopa. Miaka yote alikuwa na mama aliyewahi kupiga tembo, sasa mama amekaa ameinama kama aliyetubu.

Mutua alichukua likizo kunihudumia. Aliniosha. Mimi niliyeosha miili ya watu ishirini kwa wiki nilioshwa kwenye kiti cha plastiki ndani ya bafu, uso chini, naye hasemi neno. Alifunga kile chumba cha juu, nikasikia ufunguo. Nilitamani agombe. Ukimya wake ulikuwa unanikaa mgongoni na sikuweza kugeuka kumtazama.

Siku ya sita alikuja Bi Zuhura, Mzanzibari wa Sparkbrook niliyewahi kufanya naye kazi. Alibadilisha basi mara mbili na chupa ya uji wa pilipili manga mkononi. Nikaona viatu vyake vinavuliwa. Kisha nikasikia anahema, na mara uso wake ukatokea chini yangu: amejilaza chali juu ya zulia, mtandio umetandazika, anatazama juu.

"Sikuja kutazama kisogo, mie," akasema. "Haya, nambie, u hali gani?"

Alikuwa mtu wa kwanza kunitazama usoni kwa siku sita. Tulizungumza hivyo saa nzima. Aliponyanyuka mgongo ulimshika, Nduku akaja kumwinua, na nikamsikia binti yangu akicheka.

Siku kumi zilipokwisha niliruhusiwa kuinua uso. Ile hewa unaiona. Iko kama maji kwenye chupa iliyojazwa nusu, mstari unacheza ukitembea, na kila siku mstari unashuka kidogo. Juu ya mstari kuna mwanga, chini yake ukungu. Daktari alisema itachukua wiki sita hadi nane kuisha. Nikawa kila asubuhi napima mstari ulipofika.

Katikati ya Novemba mdogo wangu Kizito alipiga simu kutoka Ifakara. Mama ameanguka jikoni, upande mmoja haufanyi kazi, amelazwa. "Anakuulizia, dada. Kila mtu akiingia wodini, mama anauliza kama ni Skola."

Habari za jicho sikuwa nimemwambia mama. Kizito nilimwambia juujuu tu. Sasa nikamweleza yote, hewa, ndege, wiki sita.

Akarudia: "Hewa ndani ya jicho."

"Ndiyo."

"Dada, mimi sijasoma sana, lakini usinifanye mtoto. Kama kazi imekubana, sema kazi imekubana."

Nilikipiga picha kile kitambulisho cha mkononi nikamtumia. Hakujibu. Dada zangu wa ukoo wakaanza kuandika kwenye kundi la familia, bila kutaja jina, kuhusu watu wanaozoea Ulaya wakasahau matiti waliyonyonya.

Nikafikiria kuukata mkanda ule kwa mkasi. Nani angejua uwanja wa ndege? Nilikaa na Nduku nikamwambia anitafutie tiketi kwenye simu yake, kwa kuwa mimi sikuweza kusoma maandishi madogo. Alitafuta, akaipata, kisha akaweka simu chini na kusema kwa Kiswahili, ambacho huwa hakisemi: "Mama, utapofuka." Akaenda kumwita baba yake.

Mutua alikaa mbele yangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali kunisogelea bila beseni au chupa ya matone. "Ukipanda hiyo ndege," akasema, "jicho linapasukia ndani saa mbili tu kutoka hapa. Utafika kwa mama yako ukiwa unapiga kelele kwa maumivu. Hiyo ndiyo zawadi unampelekea?"

"Na asiponiona?"

Akanishika mkono, ule wenye mkanda, tukakaa hivyo.

Nilipiga simu hospitali nikaomba nionwe mapema. Nilitaka kumuuliza daktari kama hewa inaweza kutolewa, hata kama utando utaanguka tena, hata kama jicho litapotea. Nilikuwa nimeshaamua kwamba jicho moja linatosha. Wakanipa nafasi wiki ya kwanza ya Desemba.

Asubuhi hiyo Mutua alikuwa kazini, nikaenda kwa basi. Nikatiwa matone macho yote mawili, nikakaa. Simu ikatetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena, kisha ukaingia ujumbe. Nikaitazama. Nuru nyeupe yenye wadudu weusi. Niliisogeza, nikaiweka mbali, hakuna herufi iliyokubali kusimama.

Kando yangu alikaa mzee wa Kipunjabi, kilemba cha samawati, amemleta mkewe. Nikamwomba anisomee. Akavaa miwani yake, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Hii si Kiingereza, binti."

"Soma tu kama ilivyoandikwa, baba. Mimi nitaelewa."

Akaanza, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. "Dada Skola. Mama. Ame. Tu. Toka." Akasita. "Lio. Sa-a ta-no. Asu-buhi." Akainua uso, amefurahi kwamba ameweza. "Na huyu Lio ni nani? Mjukuu?"

Alikuwa amelisoma neno leo kama jina la mtu. Mama ametutoka leo, saa tano asubuhi.

Mkewe, mwenye bandeji jichoni, alinitazama kwa lile moja akaelewa kabla ya mumewe. Akahama kiti, akanivuta kichwa kikalala kwenye bega lake lenye harufu ya mafuta ya nazi. Mzee akawa anasema samahani, samahani, kana kwamba ndiye aliyeua.

Jina langu likaitwa. Daktari akatazama jicho, akasema linaendelea vizuri, hewa imebaki kidogo, labda wiki mbili. "Nimeambiwa ulikuwa na swali."

Nikasema sina.

Tulitazama maziko kwenye simu ya Nduku iliyoegemezwa kwenye birika la chai. Mtandao ulikatika wakati wa kushusha jeneza, ukarudi wanamwagilia maua juu ya kaburi.

Hewa iliisha kabla ya Krismasi. Januari utando ukabanduka tena, safari hii wenyewe, nikiwa nakunja nguo. Nilirudi kwenye meza ileile ya upasuaji. Mara ya pili waliweka mafuta badala ya hewa, na daktari akaniambia, kama habari njema, kwamba mwenye mafuta anaruhusiwa kupanda ndege. Niliomba bakuli nikatapika. Walidhani ni dawa ya usingizi.

Februari nilipiga simu polisi na klabu. Bunduki ilichukuliwa na muuzaji mwenye leseni. Zilibaki risasi thelathini nilizojaza kwa kipimo cha tano, na sikutaka mtu mwingine azipige. Ilibidi zivunjwe moja moja: unaibana kwenye nyundo ya plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, unagonga sakafuni, kichwa cha risasi kinachomoka na baruti inamwagika humo ndani. Kwa jicho moja huoni umbali. Niligonga ya kwanza vizuri, nikaelekeza baruti kwenye chupa, ikamwagika yote pembeni ya mdomo wa chupa. Ya pili vilevile. Mikono ile iliyopima punje kwa punje haikuweza kupata tundu pana kama kikombe. Nikaketi.

Mutua alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia, akapiga magoti, akaishika chupa akaileta chini ya mkono wangu. "Gonga," akasema. Nikagonga. Akakinga. Hatukuzungumza hadi ya kumi na tano hivi, ndipo akaniuliza hii baruti tunaipeleka wapi. Nikamwambia watu huimwaga bustanini, inarutubisha nyasi. Akasema mwaka huu basi tutakuwa na nyasi za hatari. Tukacheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya jicho.

Julai mafuta yalitolewa. Hadi leo ninapoandika utando umeshika. Kwa jicho la kulia naona dirisha, naona mtu yupo, simjui ni nani. Mistari iliyonyooka imepinda. Sijarudi kuendesha gari. Nahudumia wazee wawili wa hapa Kingstanding ninaofika kwao kwa miguu, na chai namimina kwa kugusisha birika kwenye kikombe kwanza. Kama bunduki ndiyo iliyosababisha, sitajua. Nimeacha kuuliza kwa sauti.

Jambo moja nimeliweka mwisho. Wakati wa Pasaka, mafuta yakiwa bado jichoni, nilikwenda Ifakara. Kizito alinipokea, akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga akalitazama jicho muda mrefu. Hakusema lolote kuhusu hewa. Alibeba sanduku langu, na tulipofika kaburini akasogea mbali akaniacha.

Jioni ndipo aliponiambia. Siku mbili za mwisho mama hakuuliza tena kama Skola amekuja. Kulikuwa na mhudumu wodini, mama wa makamo, aliyekuja kumgeuza. Mama alimshika mkono akasema, Skola, umefika. Na yule mhudumu akajibu, nimefika, mama. Basi mama akatulia.

Kesho yake nikaenda wodini kumtafuta. Nilimkuta anatandika vitanda, mwanamke mnene mwenye kandambili, amejifunga kanga juu ya sare. Nikamweleza mimi ni nani, mama yangu alikuwa nani, kitanda gani, mwezi gani. Alisikiliza kwa heshima, akajaribu kukumbuka, nikaona hakumbuki.

"Unisamehe, dada," akasema. "Wengi hapa huniita majina ya watoto wao. Mimi huwa naitika tu."

Nikamshukuru. Akaniomba nishike upande wa pili wa shuka, maana alikuwa peke yake na vitanda vilikuwa vingi. Nikashika, nikakosa pindo mara ya kwanza, nikalipata ya pili, tukatandika.